Barua ya wazi: ile 140 tunayoiandika usiku

Kwa Waziri wa Afya, Mganga Mkuu wa Serikali, viongozi wa TAMISEMI mnaosimamia hospitali za wilaya na vituo vya afya, na waganga wakuu wa mikoa na wilaya.

YAH: DAWA ZA LEBA NA MAPIGO YA MTOTO ALIYE TUMBONI

Waheshimiwa,

Mimi ni muuguzi mkunga mstaafu. Nimekaa leba zaidi ya miaka 30, Tanzania Bara, nikianzia zahanati, nikapanda kituo cha afya, nikamalizia hospitali ya wilaya. Hospitali yenyewe siitaji. Nikiitaja, kesho asubuhi kuna binti niliyemfundisha kazi ataandikiwa barua ya kujieleza, na keshokutwa mambo yataendelea kama kawaida. Isitoshe, nitakayoyasema hayakuwa ya pale peke yake.

Nawaandikia kuhusu namba moja: 140.

Moyo wa mtoto aliye tumboni, akiwa hana shida, hupiga kati ya mara 110 na 160 kwa dakika. Sasa nendeni kwenye mafaili ya leba yoyote iliyowahi kuelemewa, mtoe patografu 20 za usiku, zile chati za kufuatilia uchungu, mtazame pale juu panapoandikwa mapigo ya moyo. Mtakuta 140, 140, 138 ya kuzugia, halafu 140 tena mpaka alfajiri. Mwandiko mmoja, kalamu moja, vidoti vimenyooka kama vimepigwa rula. Mkunga aliyesikiliza kweli huandika 128, baadaye 152, baadaye 136. Mara kaandika kwa wino wa bluu, mara mweusi kwa sababu kalamu ya kwanza imeazimwa na daktari na haijarudi, na karatasi yenyewe haikosi doa la damu. Patografu safi kupita kiasi imejazwa mezani, mtoto akiwa ameshatoka.

Hizo 140 na mimi nimeziandika. Kutubu nilishatubu kwa anayestahili kutubiwa, kwa hiyo barua hii msiisome kama toba. Nimestaafu, kiinua mgongo nimeshapokea, na nimeona ni heri yasemwe na mtu ambaye hana zamu ya kesho.

Usiku ninaoukumbuka kuliko yote ulikuwa wa masika. Mama alikuwa na mimba ya tatu, wiki ya 37, presha 160 kwa 110, protini kwenye mkojo plasi tatu, kichwa kinamgonga, anasema anaona vimulimuli. Kifafa cha mimba kilikuwa mlangoni. Yote ya kumwokoa yalifanyika, na yalifanyika sawasawa. Alichomwa magnesiamu ya kuzuia kifafa, akapewa nifedipini ya kushusha presha, ikaamuliwa aanzishiwe uchungu, maana ugonjwa ule hauishi mpaka mimba itoke. Asubuhi alipewa misoprosto, kidonge cha kuanzisha uchungu. Jioni uchungu ulikuwa bado unasuasua, akatundikiwa dripu ya oksitosini ya kuuongeza. Sisi wa zamu ya usiku tuliikuta inadondoka.

Tulikuwa wawili. Kinamama 11, watatu kati yao wanasukuma. Mtoto wake nilimsikiliza saa nne usiku kwa fetoskopu ya mti, nikapata 144. Naikumbuka kwa sababu ilikuwa ya kweli. Nikaenda kwa mama mwingine aliyekuwa anajifungua, huyo akatoka damu nyingi, tukahangaika naye. Nilipopita tena karibu na kitanda cha yule mwenye presha, sijui ilikuwa saa sita au saa saba, alinishika gauni.

"Sista, mbona huyu mtoto katulia?"

Nikamjibu jibu ambalo kila mkunga analijua: "Uchungu ukikolea mtoto hutulia, mama. Vuta pumzi." Nilikuwa na glavu za damu mikononi. Maneno hayo yalichukua sekunde tatu, na kusikiliza kungechukua dakika nzima.

Saa nane kasoro robo ndipo nilipoweka tena sikio. Nilisikia mvumo, nikashukuru Mungu mapema mno. Kisha nikashika mshipa wa mkono wake, kama nilivyofundishwa na mkunga mzee wa zahanati yangu ya kwanza, nikahesabu vyote viwili kwa pamoja. Vilikwenda sawasawa. Niliyekuwa namsikia alikuwa mama mwenyewe.

Alizaa saa tisa. Mtoto wa kiume, maji ya kijani mazito kama mlenda. Ngozi yake ilikuwa nzima, haijachubuka popote. Kwa asiye wa kazi hii: mtoto aliyefia tumboni siku kadhaa nyuma hutoka ngozi ikibanduka. Mwenye ngozi nzima alifika hospitali akiwa hai. Alikufa mikononi mwetu, tukiwa tumevaa sare.

Mama hakupata kifafa. Aliruhusiwa siku ya tano, presha imeshuka.

Kabla ya kukabidhi zamu nilikaa na ile patografu. Visanduku vya kuanzia saa nne mpaka saa nane vilikuwa vitupu, na kikao cha kujadili vifo vya uzazi kilikuwa wiki ile ile. Kisanduku kitupu kinaulizwa. Chenye 140 hakiulizwi. Nikajaza.

Saa tatu asubuhi akaja mfamasia na leja yake. Chupa tupu za magnesiamu zilihesabiwa, zikatimia. Oksitosini ikatimia. Misoprosto ikatimia, hata kile kidonge tulichokikata. Akasaini, nikasaini. Mtu mwema sana yule, na kazi yake aliifanya. Lakini nilirudi nyumbani nikiwaza kwamba kila kilichoingia mwilini mwa yule mama kilikuwa na mtu wa kukihesabu, ila mwanawe, ambaye dawa zile zilimfikia palepale alipo, hakuwa na mtu.

Niruhusuni nieleze kwa nini dawa hizi na mapigo ya moyo havitenganishiki, maana baadhi yenu si watu wa leba.

Uchungu unapobana, damu inayokwenda kwenye kondo hupungua. Mtoto huwa kama mtu aliyezamishwa kichwa majini. Uchungu ukiachia, anaibuka, anavuta hewa, kisha anazamishwa tena. Mtoto mwenye kondo zuri anahimili saa nyingi. Mtoto wa mama mwenye presha mara nyingi kondo lake ni dhaifu, akiba yake ni ndogo, na ameanza safari akiwa amechoka. Sasa mwongezee oksitosini, au misoprosto iliyozidi kipimo. Uchungu ukipita mara tano ndani ya dakika 10, muda wa kuibuka unakuwa haupo. Na ile dawa ya presha, ikimshusha mama ghafla mno, inapunguza damu ya kondo kwa upande mwingine. Dawa zote hizo ni sahihi, na nisieleweke vibaya: bila hizo tungemzika mama. Ila kila moja inamfikia na mgonjwa wa pili, ambaye hawezi kushika gauni la sista.

Tazameni jinsi tunavyoiheshimu magnesiamu. Utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2002, wa kinamama zaidi ya 10,000 katika nchi 33, ulionyesha kwamba inapunguza kifafa cha mimba kwa nusu hivi. Nasi tunaijua pia kama dawa inayoweza kuua ikizidi. Chupa zetu ni za asilimia 50, kwa hiyo dozi ya kwanza ya mshipani, gramu 4, unavuta mililita 8, unaongeza 12 za maji ya sindano, unachoma taratibu huku unamtazama usoni. Halafu gramu 5 kila tako. Baada ya saa nne, kabla ya sindano inayofuata, unagonga goti. Unahesabu pumzi, zisipungue 16 kwa dakika. Unatazama mfuko wa mkojo, usipungue mililita 30 kwa saa. Kalsiamu glukoneti, ya kumwokoa magnesiamu ikizidi, iko pembeni, imeshavutwa au iko tayari kuvutwa. Hata mwanafunzi aliyeletwa mazoezini anaambiwa siku ya kwanza kwamba goti lisiporuka, sindano haichomwi. Sijawahi kuona mtu akiandika goti la uongo. Wanaligonga kweli, kwa sababu bila goti mkono haupewi ruhusa ya kuchoma.

Kanuni ya namna hiyo ndiyo ninayoiomba kwa dawa za uchungu. Hakuna mapigo, hakuna tone. Dripu ya oksitosini isianzishwe, isiongezwe hata tone moja kwa dakika, wala dozi nyingine ya misoprosto isitolewe, mpaka moyo wa mtoto umesikilizwa dakika nzima, wakati uchungu unaachia, na aliyesikiliza ameandika namba na saa kwenye mstari uleule wa dozi. Mstari uleule, nasisitiza, badala ya karatasi nyingine itakayojazwa baadaye. Mapigo yakiwa hayajasikika, dripu inafungwa, halafu ndipo watu waanze kuulizana. Shirika la Afya Duniani linataka mtoto asikilizwe kila dakika 15 hadi 30 uchungu ukishakolea, na kila dakika tano mama anaposukuma. Kwa mama mwenye dripu na presha, mimi naona hiyo robo saa ndiyo iwe ya mwisho. Kama hakuna mkunga wa kumudu robo saa hiyo, basi mama yule hana mkunga, na dripu haikupaswa kutundikwa.

Hapo ndipo najua mtasema: watumishi hawatoshi. Hawatoshi kweli. Lakini dripu haianguki kutoka mbinguni, kuna mtu huamua itundikwe saa ngapi. Kama uamuzi wa kuanzisha uchungu si wa dharura ya saa ile, ufanywe ili mama aingie kwenye uchungu mkali mchana, chumba cha upasuaji kikiwa na watu, mtu wa usingizi hajaenda nyumbani. Mwongozo wa ukurasa mmoja kutoka kwenu ungetosha. Tumezoea kuwaanzishia kinamama kwa kufuata ratiba ya raundi ya daktari, na wakati mgumu wa dawa unaangukia saa saba usiku, watu wawili wodini.

Sasa nije kwenye kile kidonge cha kukata, maana hapa nina hasira zangu binafsi.

Misoprosto ya kuanzisha uchungu dozi yake ni mikrogramu 25. Kidonge tunacholetewa ni cha 200. Kwa hiyo mkunga anachukua wembe, anatandika karatasi ya glavu mezani, anakata nusu, anakata robo, kisha anajaribu kukata zile robo katikati. Kidonge chenyewe ni kidogo kama punje ya hindi. Vipande vinane ndiyo hesabu, lakini kinachopatikana ni vipande vitano na unga. Kipande kimoja kina pengine 15, kingine pengine 50, na vyote kwenye faili vinaandikwa 25. Mama wa kitanda cha pili anapata chembe, uchungu hauji, anaongezewa. Wa kitanda cha sita anapata kipande kinene na tumbo linakaza halilegei. Sisi tunashangaa kwa nini "mwili wa huyu umeipokea vibaya".

Dawa ya tatizo hili ipo na ni ya kijinga kwa urahisi wake. Kidonge kimoja cha 200 kiyeyushwe kwenye mililita 200 za maji safi, kitikiswe, na mama anyweshwe mililita 25 kwa bomba la sindano, kila baada ya saa mbili. Hesabu inakaa sawa na wembe unarudi kwenye kazi yake. Chupa iandikwe saa, na ikipita siku imwagwe. Bora zaidi, vidonge vya mikrogramu 25 vipo, na viko kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Naomba Bohari ya Dawa ipewe maagizo na fedha vifike mpaka wilayani, na hadi vitakapofika, wembe upigwe marufuku kwa waraka. Waraka huohuo ukumbushe jambo ambalo limeua: mwenye kovu la upasuaji wa uzazi haanzishiwi uchungu kwa misoprosto. Nimeona kovu likifunguka. Sitaieleza.

Oksitosini nayo ina kero yake. Inatakiwa kukaa kwenye baridi ya nyuzi 2 hadi 8. Mara nyingi friji linalofanya kazi ni la chanjo, na ufunguo wa friji la chanjo uko kwa mtu wa chanjo, ambaye saa kumi jioni yuko kwake. Kwa hiyo chupa za usiku zinatolewa mchana, zinalala kwenye droo ya leba, kwenye joto. Zinapungua nguvu. Mkunga anaona uchungu haupandi, anaongeza matone, anaongeza tena. Saa sita anakuja mwenzake na chupa mpya iliyotoka kwenye baridi, anaichanganya kwenye dripu mpya, anaiacha kwa kasi ileile ya matone. Mtoto anapokea kwa ghafla dawa kamili kwa kipimo kilichokuwa cha dawa iliyochacha. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani, UNICEF na UNFPA walitoa tamko la pamoja kwamba oksitosini inaweza kukaa friji moja na chanjo. Tamko tunalo, tunachokosa ni ufunguo wa pili. Waheshimiwa, ufunguo hutengenezwa sokoni kwa dakika tano.

Kuhusu kliniki nitasema kwa kifupi, ingawa wenzangu wa huko watanilaumu.

Waswahili husema mgonjwa haulizwi uji. Dawa lakini lazima aulizwe, na mjamzito aulizwe kila hudhurio, kwa kutajiwa: ya presha, ya sukari, ya kifafa, ya maumivu, ya dukani, ya mizizi. Ukimuuliza kwa jumla, "Kuna dawa unatumia?", atakwambia hapana, kwa sababu ile ya presha anaimeza kila siku miaka minne na haioni tena kama dawa. Nilimpokea mama wa miezi saba aliyekuwa na losatani kwenye mkoba, ndani ya mfuko wa nailoni pamoja na kadi ya kliniki. Kadi na dawa vimelala pamoja miezi mitatu, hakuna aliyefungua mfuko. Losatani, kaptoprili, enalaprili na ndugu zao zinaharibu figo za mtoto na kupunguza maji ya uzazi, hasa mimba ikishavuka miezi mitatu ya kwanza, na wakati huohuo methildopa, nifedipini na labetaloli, zinazomfaa mjamzito, zinajulikana. Kumbadilishia dawa ni kazi ya mazungumzo ya dakika kumi, yakifanyika mapema.

Diklofenaki ya maumivu ya mgongo, inayouzwa duka la dawa kama pipi, nayo mimba ikifika wiki ya 20 inaweza kupunguza maji ya uzazi, na mwishoni mwa mimba inaweza kuziba mapema mshipa wa damu ambao mtoto anautegemea mpaka azaliwe. Mama anayemeza Septrini kwa ajili ya maambukizi ya VVU hapaswi kupewa na SP ya malaria juu yake. Mwenye dawa ya kifafa inayoitwa valproeti, takribani mtoto mmoja kati ya kumi huzaliwa na kilema, na watatu hadi wanne kati ya kumi huchelewa kukua kiakili. Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani lilisema wazi kwamba wasichana na wanawake wanaoweza kushika mimba wasiandikiwe. Na aliyekwisha kuitumia asiiache mwenyewe ghafla, aende kwa daktari abadilishiwe, maana degedege la ghafla linaweza kuwaua wote wawili. Uingereza, nchi yenye kompyuta kila kona, ilibidi iundwe tume iliyoongozwa na Baroness Cumberlege, ikatoa ripoti mwaka 2020, ili kinamama waliokuwa wakipewa dawa hiyo kwa miongo bila kuambiwa hatari yake wasikilizwe. Kwa hiyo tusijione sisi ndio wazembe wa dunia. Lakini wao hatimaye walijua, kwa sababu kulikuwa na kumbukumbu za kurudia.

Na kumbukumbu za kurudia haziko Ulaya tu. Botswana, tangu mwaka 2014, wakunga wa hospitali zilizochaguliwa walifundishwa kumkagua kila mtoto anayezaliwa, aliye hai na aliyekufa, kuanzia utosini mpaka nyayo, na kuandika mama alikuwa anameza dawa gani. Mwezi Mei 2018 daftari hilo liliishtua dunia: kati ya watoto 426 wa kinamama waliokuwa wakimeza dolutegraviri, dawa ya VVU, tangu kabla ya kushika mimba, wanne walikuwa na kasoro ya uti wa mgongo au ubongo. Nchi nyingi zikasita. Wakunga wakaendelea kukagua na kuandika, watoto wakaongezeka kwenye daftari, na ikaonekana kwamba hatari ni ndogo kuliko ilivyodhaniwa. Mwaka 2019 dawa ikapendekezwa kwa wote, wanawake wakiwemo. Hofu ilianzishwa na kuondolewa na wakunga wenye kalamu. Sisi tuna fomu ya njano ya madhara ya dawa. Katika miaka yangu yote leba, nimeona ikijazwa mara mbili, na mara zote mbili ilikuwa vipele.

Nirudi leba.

Siwaombi mashine kubwa. Zile zinazochora mapigo muda wote zina kazi yake kwa mimba zenye hatari, hasa kwenye hospitali za rufaa. Lakini tafiti zilizozilinganisha na sikio la mkunga anayesikiliza kwa mpangilio zilikuta zinapunguza degedege la watoto wachanga na kuongeza upasuaji, bila kuonyesha wazi kwamba zinapunguza vifo. Na nimeona nyingine zimefunikwa kitambaa cha maua kwa kukosa karatasi. Nunueni kwanza dopla ndogo za mkononi za kusikilizia moyo wa mtoto, na betri zake ziwe kwenye bajeti, maana nimenunua betri za leba kwa pesa yangu zaidi ya mara moja.

Kwamba inawezekana, tumeshaona hapa hapa kwetu. Hospitali ya Mnazi Mmoja, Unguja, kuanzia mwaka 2014 walitengeneza na wakunga na madaktari wenyewe kijitabu cha mfukoni cha kusimamia uchungu, kilichoandikwa kwa hali halisi ya wodi iliyojaa, wakawa wanakutana kujifunza kila baada ya miezi michache. Watoto waliozaliwa wafu walishuka kutoka 59 hadi 39 kwa kila uzazi 1,000. Hawakujenga jengo jipya. Na kwenye hospitali na vituo 30 vya Manyara, Tabora, Geita, Shinyanga na Mwanza, mpango wa Safer Births uliunganisha mafunzo mafupi ya mara kwa mara kazini na vifaa vya kusikiliza moyo, kimojawapo kinaitwa Moyo na hufungwa tumboni kwa mkanda. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2025 yalionyesha vifo vya watoto kupungua. Waliofanya kazi hiyo ni wakunga wa Tanzania, wenye mishahara ileile.

Mmefanya makubwa kwa kinamama, na nayasema haya bila unafiki. Takwimu za kitaifa za 2015-16 zilikuwa vifo 556 vya uzazi kwa kila vizazi hai 100,000; za mwaka 2022 ni 104. Niliiona tofauti hiyo kwa macho, kwenye damu iliyopatikana kwa wakati na vyumba vya upasuaji vilivyojengwa. Sasa tazameni mstari wa watoto wachanga kwenye taarifa zilezile: 25 kwa kila 1,000, kisha 24. Miaka saba hivi, mtoto mmoja. Na wale wa ngozi nzima hawamo hata kwenye 24 hiyo, kwa sababu inahesabu waliozaliwa hai.

Jambo la mwisho ni dogo na ndilo gumu kwenu. Ruhusuni kisanduku kitupu. Toeni waraka unaomruhusu mkunga kuandika, kwenye patografu, "sikusikiliza, nilikuwa na mama anayetoka damu", na kusaini, bila kuandikiwa barua. Kikao cha vifo vya uzazi kinatakiwa kuwa cha kujifunza, ndivyo miongozo inavyosema, lakini kila aliyekaa upande wangu wa meza anajua kinavyokuwa mwenyekiti akiuliza, "Zamu ilikuwa ya nani?" Mkikusanya visanduku vitupu vya mwaka mmoja vyenye sababu, mtapata ramani kamili ya mahali mkunga anapohitajika, wilaya kwa wilaya, saa kwa saa. Sasa hivi ramani mliyonayo imejaa 140.

Natamani mje wodini. Najua mnakuja, lakini mnakuja saa nne asubuhi na mashuka yamebadilishwa. Njooni saa nane usiku, siku ya kazi, bila taarifa. Mtafuteni mama mwenye presha na dripu ya uchungu, mumuulize yeye, kabla ya kumuuliza sista, mara ya mwisho mtoto wake kasikilizwa saa ngapi. Kisha mtazame patografu yake imeandikwa nini. Mkiniita nitafuatana nanyi, na fetoskopu nitakuja nayo. Ni ileile ya mti, haina betri.

Wenu katika kazi,
Mkunga mstaafu